Laiti Tungekuwa Watano

Kwa mama lishe wangu wa Kariakoo, nyongeza humwendea mlaji: ukimaliza wali na bado unaikodolea macho sufuria, unaongezewa upawa wa maharage na hakuna anayeandika popote. Ndiyo maana sikuwa nimejiandaa kwa yaliyonikuta Houston, Texas, nilipojitia ukubwa wa kumwalika shemeji yangu na familia yake chakula cha jioni, tukawa watu sita mezani.

Laiti tungekuwa watano! Chini kabisa ya orodha ya vyakula, kwa herufi zilizolingana na mayai ya chawa, palikuwa na onyo kwamba meza ya watu sita au zaidi hutozwa ada ya huduma ya asilimia 18. Chakula kilikuwa dola 120, kodi ya mauzo ya asilimia 8.25 ikaongeza dola 9.90, na ada ikaongeza dola 21.60. Mimi, ambaye miwani niliisahau nyumbani, niliona jumla tu ya dola 151.50, nikadhani ndivyo ughaibuni wanavyokula.

Kisha mhudumu akaniwekea mbele kimashine kilichouliza kama nitatoa bakshishi ya asilimia 18, 20 au 25. Sifuri nayo ilikuwepo, ila imefichwa nyuma ya kitufe kingine, na binti wa watu amenisimamia begani akiisifu lafudhi yangu. Nani angethubutu kuitafuta sifuri mbele ya shemeji? Nikabonyeza 20, na kimashine kile kisicho haya kikapiga hesabu juu ya jumla yote, hata kodi nikaitolea bakshishi: dola 30.30.

Shemeji alinieleza tukiwa garini, mambo yakiwa yameshaharibika, kama ilivyo kawaida yake. Alisema sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, mradi bakshishi za wateja zijazie pengo hadi kima cha chini cha mshahara. Na kwamba kisheria ada ya lazima si bakshishi, bali ni mapato ya mgahawa. Basi hata kuzijutia dola 30 nikashindwa, maana huenda ndizo pekee zilizokuwa za yule binti.

Kesho yake shemeji akataka kulipiza wema kwa chakula cha mchana. Niliuliza tutakuwa wangapi, na aliposema sita, nikakumbuka ghafla kwamba nadaiwa funga ya Ramadhani.