Uzamili usimtoe muuguzi wodini

Muuguzi wa Dar akisema anarudi shule, wenzake wanajua anatafuta ofisi. Kwa jinsi ngazi zetu zilivyo, hawakosei sana. Unaanza na cheti, ukipata stashahada unakuwa Afisa Muuguzi Msaidizi, ukipata shahada unakuwa Afisa Muuguzi. Na kadiri unavyopanda ndivyo unavyozidi kuonana na vikao, ratiba za zamu na hesabu za vifaa kuliko wagonjwa.

Mimi hapo ndipo ninapogomba. Pale MUHAS, chuo kikuu cha afya kilichopo Upanga, kuna uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi, kuna wa ukunga na afya ya wanawake, kuna wa afya ya akili. Hakuna hata mmoja kati ya hizo uliobuniwa kumfundisha mtu kukaa mezani. Mwenzangu mmoja alisomea wagonjwa mahututi. Aliporudi, haukupita muda akakabidhiwa stoo. Usiku, mashine za kupumulia zikabaki kwa vijana waliotoka chuo juzi. (Stoo nayo inataka mtu makini, sibishi. Ila si yeye.)

Wenzetu Marekani walianza kuandaa muuguzi wa ngazi ya juu, anayepima na kutibu mwenyewe, mwaka 1965 huko Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipowafundisha wauguzi kupima na kuhudumia watoto kwa mamlaka makubwa zaidi. Hapa kwetu watu huuliza: kazi hiyo si tayari anaifanya tabibu, yule mtaalamu wa tiba aliye chini ya daktari? Sehemu yake, ndiyo. Lakini nenda kliniki ya kisukari au ya presha Temeke au Mwananyamala siku yenye foleni, uone nani ana nafasi ya kumfuatilia mtu anayeacha dawa kila akijisikia nafuu, au kidonda cha mguu kinachotaka jicho lilelile wiki hadi wiki. Huo ni uuguzi, tena wa kiwango cha juu.

Mwongozo wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi wa mwaka 2020 unataka muuguzi wa ngazi hiyo awe na uzamili. Wenye uzamili tunao. Ninachotaka ni Baraza la Uuguzi na Ukunga liwaandikie mipaka ya kazi yao waziwazi: kuagiza vipimo, kurekebisha dozi kwa mujibu wa mwongozo, kutoa rufaa. Na mshahara upande wakiwa wodini humohumo.

Wewe unayeomba ruhusa ya masomo mwaka huu, muulize matroni, mkuu wako wa wauguzi, kabla hujaondoka: nikirudi, unanipanga wapi? Jibu liwe kwa maandishi.