Kuhesabu seli hai: hadubini au kihisi ndani ya tangi?

Tangu Umoja wa Afrika ulipojiwekea, mwaka 2021, lengo la bara hili kujitengenezea asilimia 60 ya chanjo zake ifikapo 2040, sisi tunaofundisha kazi za maabara hapa Unguja tumekuwa tukibishana: vijana tuwafundishe kuhesabu kwa hadubini seli hai zinazokuzwa ili kutengeneza chanjo na dawa, au tuanze nao na vihisi vinavyozipima ndani ya tangi la kuzikuzia?

Wanaotetea vihisi wana hoja nzito. Hesabu ya mkono ni kuchota sampuli, kuichanganya nusu kwa nusu na rangi ya tripani bluu, kisha kuhesabu kwenye kioo chenye viboksi. Seli iliyokufa hugeuka buluu, iliyo hai haishiki rangi. Wastani wa seli hai 100 kwa kila kiboksi kikubwa, kinachobeba sehemu moja ya elfu kumi ya mililita, ni seli milioni 2 kwa mililita ya sampuli. Lakini ukiishia kuhesabu seli 100 kwa jumla, bahati pekee inakupa kosa la asilimia 10 hivi, na ukichelewa, rangi yenyewe huanza kuziua zilizo hai. Baya zaidi, mara nyingi tangi huchotwa mara moja tu kwa siku. Oksijeni ikikatika saa nane za usiku, habari utazipata asubuhi. Kisiwa hiki kilikosa umeme tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Hatari hiyo hatuhitaji kuelezwa.

Kihisi cha kapasitansi, yaani kinachopima uwezo wa kushika chaji ya umeme, hupitisha umeme wa masafa ya redio kwenye tangi. Seli yenye utando mzima hujikusanyia chaji, iliyopasuka haiwezi. Basi unasoma zilizo hai tu, dakika kwa dakika, bila kufungua mlango wa vijidudu.

Hata hivyo, na hapa ndipo wenzangu wanapopita haraka mno, kihisi hakihesabu seli. Kinapima ujazo wa seli hai. Seli za CHO, za ovari ya hamsta wa Kichina, ambazo ndizo zinazozalisha dawa nyingi za kingamwili duniani, hubadilika ukubwa siku za mwisho za ukuzaji. Hapo kihisi na hadubini huachana, na asiyejua sababu atadhani kimojawapo kimeharibika. Isitoshe, namba za kihisi hupata maana baada ya kulinganishwa na hesabu ya mkono, na mabonge ya seli au bakteria walioingia utawaona kwa hadubini.

Wanaosema tusubiri mpaka tuwe na kiwanda siwaungi mkono. Kiwanda kitataka watu waliokwisha kuona mstari wa grafu ukiporomoka, wakajua la kufanya. Tununue tangi moja dogo na kihisi chake, pamoja na betri ya akiba. Mwanafunzi asikiguse mpaka ajue kuhesabu. Kisha achore hesabu zake na za kihisi kwenye grafu moja, na mtihani wake uwe kueleza kwa nini mistari miwili imeachana pale ilipoachana.