Sista, unakwenda kusoma ili utukimbie?

Aliyeniuliza hivyo ni bibi mmoja wa Mvumi aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake wodini kwetu. Alinisikia nikimweleza mwenzangu habari za kuomba uzamili. Nilicheka, nikamwambia, "Bibi, hata fomu sijajaza." Ila nilirudi nalo swali lake nyumbani.

Dodoma ya sasa kila mtu anasoma. Chuo Kikuu kipo hapa tangu 2007, na tangu wizara zilipoanza kuhamia mwaka 2016 sijui ofisi isiyo na mtu anayemalizia tasnifu. Muuguzi mwenye shahada na miaka kumi na moja ya zamu, bado anashika dripu, anaonekana amekwama. Shangazi yangu hulisema wazi: "Wenzako wameshakuwa wakubwa."

Mimi sijioni nimekwama. Juzi tulipokea mtoto wa miezi saba, ameharisha siku tatu, macho yameingia ndani, ukifinya ngozi ya tumbo inarudi taratibu. Wenzangu wawili walishajaribu mikononi na miguuni wakakosa mshipa. Mama yake alikuwa amegeukia ukutani. Nikamlaza mtoto ubavu, nikapapasa juu ya sikio bila haraka, nikangoja alie ili mshipa uinuke. Branula ya njano, ile sindano ndogo ya kuwekea dripu, ikaingia mara moja, damu ikarudi. Hilo nilifundishwa na sista mmoja mwenye cheti tu, sasa amestaafu, na hakuna chuo kitakachompa shahada ya vidole vyake.

Ningeishia hapo, makala hii ingekuwa rahisi. Lakini kuna usiku mwingine ambao siupendi. Mama mmoja alikuwa ametoka upasuaji. Presha nzuri, anaongea, ananishukuru. Saa nne usiku nikahesabu pumzi zake: 24 kwa dakika. Saa sita, 28. Saa nane, 32. Niliziandika zote kwenye chati, mwandiko safi kabisa, nikaenda kwa mgonjwa mwingine kwa sababu nilikuwa na wengi na mimi nilikuwa mmoja. Alfajiri tukamkimbiza ICU. Mwenzangu wa huko, aliyesomea uuguzi wa wagonjwa mahututi, akaitazama chati yangu, akaweka kidole kwenye 28. "Hapa ndipo ungemwita daktari." Hakuwa na ukali. Yule mama alipona, Mungu ni mwema, ila ile 28 bado naiona.

Kwa hiyo wanaosema elimu ya juu haina kazi kitandani, siwaungi mkono. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Linda Aiken na wenzake, uliofanywa kwa wagonjwa wa upasuaji katika nchi 9 za Ulaya. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. Na kila wauguzi wenye shahada walipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano huo ulishuka kwa asilimia 7. Ulaya si Dodoma, najua. Lakini wasomi waliohesabiwa mle walikuwa wodini, na sisi msomi tunamhamisha.

Hapo ndipo ninapogombana na utaratibu wetu. Kati ya wanne ninaowafahamu waliorudi na uzamili, watatu wana ofisi. Siwalaumu. Mgongo una umri wake, ada za watoto hazingoji, na upepo wa Julai wa hapa Dodoma ukikupiga unapotoka zamu ya usiku unaelewa kwa nini mtu anatamani meza. Lakini sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 2 na kidogo mkoani kwetu. Ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 3. Hao wakiugua hawalazwi ofisini. Muuguzi bingwa alipwe kama bingwa akiwa palepale kitandani, na kupanda cheo kusimlazimishe kuvua gloves.

Basi nimeamua: nitaomba, na nitaomba uuguzi wa wagonjwa mahututi. Uongozi wausomee wanaoupenda.

Bibi wa Mvumi aliporuhusiwa aliniachia mlenda mkavu kwenye mfuko wa Rambo, akauliza akirudi atanikuta wapi. Nikamwambia hapahapa. Wiki hiyohiyo nikajaza fomu ya ruhusa ya masomo. Kuna kipengele kinachouliza utafanya kazi gani ukihitimu. Niliandika: kuhudumia wagonjwa wodini. Jana fomu imerudi kutoka utumishi, jibu langu limezungushiwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa: "Taja cheo."