Ndoa Inayopimwa Kila Miezi 30

Meza ya jikoni, Leicester, Uingereza, saa tatu usiku. Mume amerudi kubeba boksi ghalani, mke ametoka zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mbele yao wametandaza hati za mshahara za miezi 6, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo, barua za waajiri, cheti cha ndoa cha Tanga, na bili za maji na umeme zenye majina yao yote mawili. Mke anateremsha kidole kwenye hati ya Machi, kisha kwenye taarifa ya benki, aone kama tarakimu zinalingana. "Ya Machi haifanani," anasema. Mume anafikiri kidogo, anakumbuka: mwezi ule saa za ziada zililipwa kwa mafungu mawili. Itabidi waombe barua nyingine ya kueleza hilo.

Nimeketi kwenye meza za namna hiyo zaidi ya mara moja. Kwao Tanga, binti yao "alipata karatasi" siku aliyopanda ndege. Kwa majirani zao Waingereza, mume akiwa raia basi na mke ni raia. Pande zote mbili zimekosea. Viza ya mwenzi inayotolewa nje ya Uingereza hudumu miezi 33. Ikikaribia kwisha, mgeni huomba kuongezewa miezi 30, na hapo kipato, Kiingereza, makazi na ndoa yenyewe vinapimwa upya. Akifaulu, hungoja itimie miaka 5 ndipo aombe ukaazi wa kudumu.

Ubishi mkubwa uko kwenye kipato. Julai 2012, Theresa May akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kiliwekwa kiwango cha chini cha pauni 18,600 kwa mwaka. Desemba 2023 James Cleverly alitangaza kwamba kingepanda hadi 38,700. Watu wakapiga kelele, ikaamuliwa kipandishwe kwa awamu, na ya kwanza ikawa pauni 29,000 kuanzia 11 Aprili 2024. Serikali ya Labour ilipoingia ikasitisha awamu zilizobaki na kuiachia Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji ichunguze. Ripoti ilitoka Juni 2025.

Hoja ya wanaotaka kiwango kikubwa ni fupi, na nimeisikia hata kwa Waswahili wenzetu: kama huna uwezo wa kumtunza mke, usimlete. Nyuma yake kuna hesabu ya kweli. Zile 18,600 hazikuokotwa. Mwaka 2011 kamati hiyo hiyo ilitafuta ni kipato gani ambacho wanandoa wakikifikia hawastahili tena posho za serikali zinazotolewa kwa kuangalia kipato, na hapo ndipo ilipoishia. Mlipa kodi ana haki ya kuuliza nani atalipa. Ndoa za makaratasi nazo zipo, tunazijua, na wanaozifunga wamewaharibia wengi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali kwamba kuweka kiwango ni halali, ingawa ilizikosoa kanuni kwa kutozingatia ipasavyo maslahi ya watoto.

Wala sisi hatuna mdomo wa kuwasimanga Waingereza. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 ilimfungulia mlango mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania, lakini mwanamume wa kigeni aliyemuoa Mtanzania haikumpa njia hiyo. Kenya ilitendea haki zaidi katika Katiba ya 2010: mume au mke mgeni, ndoa ikifikisha miaka 7, anaweza kuomba kuandikishwa uraia.

Nikirudi kwenye hoja ya mlipa kodi, naona inapwaya. Mwenzi mgeni haruhusiwi kupokea posho za umma tangu siku anayoingia hadi apate ukaazi wa kudumu. Katazo hilo limeandikwa kwenye masharti ya ruhusa yake. Hospitali anailipia mara mbili: kwa kodi inayokatwa kwenye mshahara wake kama ya mtu mwingine yeyote, na kwa tozo ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, ambayo hulipwa yote kwa mkupuo mmoja kabla ombi halijaguswa. Kama posho imekwisha kufungwa na matibabu yamekwisha kulipiwa, kiwango cha kipato kinaukinga mfuko wa umma na nini hasa?

Tuangalie kiwango chenyewe. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kwa mtu mzima kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Anayefanya kazi saa 37 na nusu kwa wiki, wiki zote 52, anapata pauni 23,809 na senti kidogo. Ili afikishe 29,000 kwa malipo hayo lazima afanye karibu saa 46 kila wiki, mwaka mzima, bila wiki moja ya kuumwa asilipwe. Huyu si mzembe. Ndiye anayewageuza wazee kitandani usiku, anayepakia mizigo, anayesafisha ofisi kabla wenyewe hawajaamka. Serikali inamwambia kwamba malipo iliyoyapitisha yenyewe kuwa halali yanamtosha kuishi, ila hayamtoshi kuishi na mkewe.

Mstaafu ndiye kabisa. Pensheni kamili ya serikali kwa mwaka wa 2025/26 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, yaani chini kidogo ya 12,000 kwa mwaka. Mzee mjane wa Uingereza aliyeoa Mombasa akataka kurudi kwao na mkewe, kama hana pensheni nyingine wala nyumba ya kupangisha, njia aliyobakiwa nayo ni akiba. Asiye na kipato chochote, hata pensheni, anatakiwa awe na pauni 88,500 benki, zikae miezi 6.

Watetezi wa kiwango wana jibu moja zuri, nami nalikubali: wakati wa kuongeza viza, mshahara wa mgeni nao unahesabiwa. Mwanzoni unatazamwa wa mwenyeji peke yake, hata kama mke aliyeko Mombasa ni muuguzi. Akishaingia na kuanza kazi, vipato viwili vinajumlishwa, na wawili wenye kima cha chini wanaivuka 29,000 kwa mbali. Kwa wasio na mtoto mchanga, jibu hilo linatosha. Mtoto akizaliwa, bila bibi wala shangazi wa kumwachia, mmoja anabaki nyumbani, na aghalabu ni yule yule mgeni.

Na namna kipato kinavyothibitishwa ina yake. Aliyekaa na mwajiri mmoja miezi 6 anaonyesha hati za miezi 6. Aliyebadilisha kazi ndani ya muda huo anatakiwa aonyeshe kazi ya sasa inafikia kiwango, na pia kwamba miezi 12 iliyopita kipato kilitimia. Kwa hiyo mtu anayenyanyaswa kazini hathubutu kuhama mwaka ule wa kuongeza viza. Nimewasikia wakisema "ngoja kwanza nipate jibu" kuhusu kila kitu: kuhama nyumba, kwenda chuo, hata kupumzika.

Wanandoa wale wa Leicester wamebahatika. Walianza kabla ya Aprili 2024, na kanuni inawaruhusu walioanza zamani kuendelea na 18,600 maadamu ndoa ni ile ile. Wengi walioingia kwa kipimo cha 29,000 ndio kwanza wataanza kufika kwenye kuongeza viza kuanzia mwishoni mwa 2026. Kama kiwango hakitaguswa, anayelipwa kwa saa atatakiwa awe amevuna pauni 14,500 katika miezi yake 6. Atakayeshindwa, lakini ana mtoto raia au vikwazo vizito vya kuishi kwingine, anaweza kuhamishiwa njia ya miaka 10: maombi mengi zaidi, tozo nyingi zaidi. Yaani asiye na pesa ndiye anayeongezewa ada.

Lakini liko jambo ambalo silioni likitajwa na wanasiasa wa upande wowote, na mimi ndilo linalonikaa rohoni kuliko hesabu zote hizi. Ombi la kuongeza viza likishatumwa, mwombaji hatakiwi kutoka Uingereza na maeneo machache yanayochangia nayo mipaka ya safari, kama Ireland. Haki zake nyingine anabaki nazo. Hata tarehe ya viza ikipita akiwa anangoja, sheria inamlinda, anafanya kazi na anatibiwa kama kawaida. Ila akitoka kabla ya jibu, ombi linahesabika kuwa amelifuta mwenyewe. Na huduma ya kawaida inaweza kuchukua wiki 8.

Yule dada wa hati ya Machi, siku ya tano baada ya kutoa alama za vidole, alipigiwa simu alfajiri. Baba yake amefariki. Kwao Tanga mzee alizikwa siku ile ile baada ya swala ya alasiri, na hayo maziko asingeyawahi kwa ndege yoyote. Alichotaka ni kukaa na mama yake, amshike mkono, awepo kwenye hitima. Alituuliza, "Nikienda wiki moja nikarudi, watajua?" Hakuna aliyeweza kumwambia nenda. Mume alipiga simu kwa wakili, wakili akasema akitoka, ombi limekwisha, na viza aliyonayo imebakiza siku chache. Akabaki. Hitima aliisikiliza akiwa jikoni, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, sauti ya shehe ikikatika na kurudi. Mama yake alipopewa simu hakuuliza habari ya viza. Alisema tu, "Mwanangu, hao watu hawana baba?"

Jibu lilikuja wiki ya nane, amekubaliwa. Arubaini ilikuwa imeshapita.

Nimeisikia sababu ya kanuni hii, na siidharau. Ombi ni la kubaki, linafanywa na mtu aliyemo ndani, na ofisi inataka wakati wa kuamua awe bado yumo. Lakini ofisi hiyo hiyo inauza haraka. Anayeongeza pauni 1,000 wakati wa kutuma ombi hujibiwa, kwa kawaida, siku ya kazi inayofuata baada ya miadi ya alama za vidole. Maana yake wiki 8 si muda ambao kazi yenyewe inauhitaji. Ni foleni, na foleni inaweza kununuliwa, mradi ujue mapema kwamba utafiwa. Kwa anayelipwa kwa saa, pauni 1,000 juu ya ada ya pauni 1,321 na tozo ya pauni 2,587.50 ya miezi 30, kwa viwango vya Aprili 2025, hazipo. Kuruhusu safari ya siku 14 kwa msiba wa mzazi, mtoto au ndugu wa damu, kwa cheti cha kifo, ombi likiendelea kungoja, kusingeongeza mhamiaji hata mmoja, kwa sababu mwombaji ni mtu aliyekwisha kuwamo.

Kuhusu kiwango chenyewe, kamati iliipa serikali pa kutokea. Ilisema kama lengo ni familia kujitegemea bila kulazimika kupata kazi inayozidi kima cha chini, pauni 23,000 hadi 25,000 zinatosha. Kama uzito unawekwa kwenye uchumi, 24,000 hadi 28,000. Ile 38,700 ilishauri isitumike. Ikakadiria pia kwamba kushusha hadi karibu 24,000 kungeongeza uhamiaji halisi kwa asilimia 1 hadi 3 tu. Nimejaribu kuitazama asilimia hiyo kwa jicho la mtu anayeona nchi imejaa, na bado sioni kwamba inafaa kutenganisha mtoto na baba yake. Kiwango mimi ningekiweka sawa na kipato cha mwaka cha anayelipwa kima cha chini kwa saa kamili za kazi, kipandishwe kima kinapopanda, na kwa wanaoongeza viza waruhusiwe kuonyesha kipato cha miezi 24 badala ya kufungwa kwenye 6 au 12. Mwenye mgongo ulioumwa Machi atakuwa na miezi mingine ya kujitetea.

Yule dada na mumewe wamekwisha kuanza faili lingine. Ukaazi wa kudumu, kwa viwango vile vile vya 2025, ni pauni 3,029 kwa kila mwombaji. Mume amepiga hesabu nyuma ya bahasha iliyoleta hati ya mshahara: pauni 101 kila mwezi, miezi 30. Nauli ya Tanga ameiandika chini yake, na bado hajaweka tarakimu.