Ami Yangu Hagombei

Mapema mwaka 2022, kuta za Majengo hapa Mombasa zilikuwa zimejaa nyuso. Gavana, seneta, mbunge, hata MCA, yule mwakilishi wa wadi, wote meno nje, wa leo kabandikwa juu ya wa jana. Mimi na wachoraji wenzangu tukaona ndipo pa kuingilia. Kumbi za maonyesho watu wetu hawaziingii, wanaogopa kuulizwa wameelewa nini. Basi picha ziwafuate kwa muuza mahamri.

Wazo si letu. Mfaransa anayejiita JR alifunika mapaa ya Kibera, mtaa wa mabanda kule Nairobi, mwaka 2009 kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake, tena kwa plastiki isiyopitisha maji, ili mvua ikija wenye nyumba nao wapone. Sisi plastiki ya kiasi hicho tungeitoa wapi? Tulikuwa na karatasi, na gundi ya unga wa ngano tuliyoipika kwenye sufuria ya mama. Habari ya hiyo sufuria nyumbani kwetu haizungumzwi.

Mimi nilimchora ami yangu, muuza kahawa, kwa mkaa: kafumba macho, kikombe puani. Sikuandika jina wala neno lolote. Tukabandika usiku.

Asubuhi nikajisogeza karibu na ukuta nisikilize wahakiki.

"Huyu anataka kiti gani?"

"MCA. Huoni alivyofumba macho? Mtu wa dua."

"Chama?"

"Mgombea huru. Alama yake kikombe."

Kufika alasiri, ami hana raha na dele lake. Vijana wamemzunguka: "Mheshimiwa, tuangalie." Timu ya mtaa inataka jezi. Kina mama wa chama wanataka viti vya plastiki, na wana orodha kabisa. Ami ni mtu wa haya. Kwa kukosa la kusema akawamiminia kahawa bure. Hapo ndipo alipojimaliza. Habari ikaenea kuwa kampeni imeanza, na foleni ikafika kona ya msikiti.

Akanipigia simu. "Wewe umenipeleka wapi?"

"Ami, ile ni sanaa."

"Sanaa inadai jezi?"

Nikaenda kuibandua, nikakuta mbuzi wamenitangulia. Ngano imewakolea: wamelamba gundi, wakala kidevu, mdomo na kikombe chote. Kimebaki kipaji cha uso na yale macho. Na watu wameshajaa, wamekasirika.

"Wapinzani wamemchana!"

"Ni mbuzi," nikasema.

"Mbuzi wa nani?"

Swali hilo lilikuwa na hatari, maana kila mtu pale alijua mbuzi wa mtaa ule ni wa shemeji yake mgombea mmoja wa kweli. Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kukawa ushahidi.

Ikabidi ami aitwe. Akapanda juu ya kreti ya soda, akatangaza kwa sauti ya kutetemeka: "Jamani, mimi sigombei kitu chochote." Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema huyo ndiye kiongozi, hana tamaa.

Usiku ami akaniita barazani. Nikajiandaa kutukanwa. Akanimiminia kahawa, akatazama huku na huku, akasema:

"Nichore tena. Lakini macho wazi. Mtu haombi kura kalala."