Makofi ya Saa Tisa Usiku

Dada yangu ndiye aliyeniingiza mkenge. Binti yake alikuwa anamsumbua wiki nzima amruhusu kutazama sinema ya The Conjuring na wenzake. Dada, ambaye hata tangazo la sabuni likiwa na muziki mzito huinuka kwenda kuangalia kama jikoni kuko salama, akaona kazi hiyo si yake. "Itazame wewe kwanza," akaniambia, "halafu uniambie kama inatisha kweli au ni maneno ya watu tu."

Nikakubali kwa madaha yote. Mimi ni yule mtu wa kukera ambaye kwenye sinema za kutisha huwatangulia wenzake: "Sasa kimya. Sasa atageuka. Haya, mlango huo unafunguka." Nimeshafukuzwa kwenye kochi mara mbili kwa tabia hii.

Tena nilijiandaa. Nikasoma kwamba imetoka mwaka 2013, imeongozwa na James Wan, na inahusu familia ya Perron, baba, mama na mabinti watano, wanaohamia nyumba kuukuu ya shambani huko Rhode Island, Marekani, mwaka 1971. Wakaguzi wa Marekani waliipa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Damu si nyingi, utupu hakuna. Kosa lake lilikuwa kutisha tu. Hapo ningepaswa kuelewa somo. Lakini nikakutana na jambo jingine lililonipa jeuri: yule bibi mchawi, Bathsheba, chini ya vipodozi ni mwanamume, Joseph Bishara, na huyohuyo ndiye mtunzi wa muziki wa filamu yenyewe! Nikacheka peke yangu. Nimwogope mtunzi wa muziki?

Siku hiyo mama alikuwa amekuja kunitembelea. Nikampa chumba cha pili, nikamwahidi kwamba kesho yake nitamfungia chandarua. Chandarua cha pekee kilichokuwepo kilikuwa juu ya kitanda changu. Naam, najua. Nihukumuni.

Saa sita na nusu usiku nikazima taa, nikavaa hedifoni, nikaanza.

Nusu saa ya kwanza nilikuwa bingwa. Mbwa anagoma kuingia ndani ya nyumba. Nikasema, "Huyu hafiki kesho," na kweli hakufika. Saa zote za nyumba zinasimama saa tisa na dakika saba usiku. Nikatikisa kichwa kama fundi saa. Kisha ukaja ule mchezo wao wa kujificha. Mmoja anafungwa kitambaa machoni, wengine wanajificha, naye anaruhusiwa kuomba wapige makofi ili afuate sauti. Mama mtu anacheza na mwanawe, anaomba kofi, na ndani ya kabati inatoka mikono miwili. Pa! pa! Mtoto wake yuko chumba kingine kabisa.

Nikapunguza sauti kidogo. Kwa ajili ya masikio, jamani.

Kilichonimaliza ni pale binti mmoja anapoamka usiku, anaonyesha kidole nyuma ya mlango, analia kwamba kuna mtu amesimama pale. Nasi tunaonyeshwa nyuma ya mlango: giza. Hakuna kitu. Wan anakuachia hilo giza ulitazame mwenyewe, na ukilitazama sana unaanza kulijazia watu. Nikajikuta nautazama mlango wangu. Nikainuka, nikausukuma hadi ukagota ukutani ili pasiwe na nyuma.

Sehemu iliyobaki, ukweli usemwe, ilinipa ahueni. Mchawi akishajitokeza na viti kuanza kupaa, inakuwa mieleka. Adui mwenye sura ni nafuu. Hata pale anaporuka kutoka juu ya kabati nilimudu, nikijisemea kimoyomoyo: mtunzi wa muziki, mtunzi wa muziki.

Ikaisha. Nikalala chali, macho kwenye simu, nikisubiri saa tisa na dakika saba. Mtu mzima, mlipa kodi, nasubiri dakika ipite. Ikapita. Tisa na nane. Tisa na kumi. Nikapumua, nikacheka, nikaamua kwenda msalani, ambako kwa kweli nilitaka kwenda tangu yule mbwa.

Nilikuwa katikati ya ujia, gizani, mkono ukipapasa ukuta kutafuta swichi.

Pa! Pa!

Miguu ikaganda. Nikajiambia ni masikio tu. Kimya kikatanda, kilekile ambacho kwenye sinema mimi ndiye hukitangaza: sasa kimya.

Pa!

Sikupiga kelele. Hilo nataka lieleweke. Niligeuka kwa heshima zangu zote na kurudi chumbani kwa kasi ambayo sijawahi kuifikia mchana, nikasahau kwamba kitandani kuna chandarua, nikajirusha. Kitu kikanikumbatia kichwa. Nikavuta, kikavuta. Ndoano ikang'oka darini, kipande cha dari kikaniangukia utosini, na hapo ndipo nilipopiga kelele. Nikatoka nje nimeviringishwa mzima mzima, natafuta binadamu yeyote.

Binadamu alikuwepo. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, amechoka, viganja viwili hewani, akimsubiri mbu mmoja aliyemsumbua tangu saa nne. Akaona kitu kirefu, cheupe, kisicho na uso, kinamjia mbio.

Mama ana miaka sabini na moja, na daktari alishamkataza kuinua vitu vizito. Ile kandambili aliinua. Ilinipata shavuni, ya pili begani, ya tatu sijui wapi kwa sababu nilikuwa nimeshaanguka na tenga la nguo chafu. "Mama, ni mimi!" nikalia. Akaongeza moja. Mpaka leo anashikilia kwamba hiyo alikuwa ameshaanza kuirusha.

Asubuhi nilikuwa juu ya kiti naziba dari, huku chandarua, kilichoshonwa, kikiwa kimefungwa chumba cha pili. Dada akapiga simu kudai ripoti. Nikafungua mdomo, mama akaninyang'anya simu.

"Sinema siijui," akamwambia. "Ila mzimu nimeuona kwa macho yangu. Mweupe, umevaa soksi moja, unakuja mbio huku unasema 'mtunzi wa muziki, mtunzi wa muziki'."

Dada akanyamaza kidogo.

"Basi mtoto haitazami," akasema.