Wavuti au programu: nani ashike mlango wa simu?

Juni 2007, wiki chache kabla ya iPhone kuingia sokoni, Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, aliwaambia watengenezaji wa programu kwamba njia ya kuifikia simu hiyo ni wavuti: waandike kurasa zitakazofunguka ndani ya kivinjari cha Safari, na hizo ndizo zitakuwa programu zao. Wengi hawakuridhika, na Julai 2008 kampuni hiyo hiyo ikafungua App Store, duka lake la programu, ikiwa na programu zipatazo 500. Tangu hapo wataalamu wa teknolojia wamekuwa wakivutana juu ya swali moja: je, huduma ya simu ijengwe kama tovuti inayofunguliwa na yeyote mwenye kiungo, au kama programu inayosakinishwa kutoka katika duka la kampuni moja?

Wanaotetea programu hawaongei hewani. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya mfumo endeshi fulani huifikia kamera, Bluetooth na vihisi vya simu moja kwa moja, na huitikia mguso wa kidole bila kusuasua. Septemba 2012 Mark Zuckerberg, mkuu wa Facebook, alikiri hadharani kwamba kosa kubwa la kampuni yake kwenye simu lilikuwa kuitegemea mno HTML5, yaani toleo la tano la lugha ya kuandikia kurasa za wavuti. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, nao walijaribu kutengeneza simu ambazo ndani yake kila kitu ni wavuti, kwa mfumo wa Firefox OS ulioingia sokoni mwaka 2013, lakini Desemba 2015 wakatangaza kuacha kuziuza kupitia kampuni za simu. Mtu aliyeyashuhudia hayo akasema wavuti imeshindwa, simlaumu.

Hata hivyo, wavuti inayohukumiwa kwa ushahidi huo ni ya zamani. HTML5 ilipitishwa rasmi kuwa kiwango mnamo Oktoba 2014, na baadaye vivinjari vikapokea teknolojia iitwayo service worker, yaani msimbo mdogo unaokaa kati ya ukurasa na mtandao. Umuhimu wake unaonekana mtu anapojaza fomu ndefu kwenye simu na mtandao ukakatika akiwa sehemu ya mwisho. Katika ukurasa wa zamani, akibonyeza kitufe cha kutuma hupata skrini tupu, na yote aliyoandika yamepotea. Ukurasa uliojengwa vizuri kwa njia mpya hubaki wazi, huyahifadhi majibu ndani ya simu, humwambia kwamba bado hayajatumwa, kisha huyatuma mtandao ukirudi. Hakupakua chochote dukani, wala hakulazimika kufuta picha zake ili apate nafasi.

Kwa nini basi watu wengi bado wanaiona wavuti kuwa dhaifu kwenye simu? Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaolichukulia suala hili kuwa la kiufundi tu. Chrome kwenye Android ilianza kupokea arifa kutoka tovuti mwaka 2015. iPhone iliziruhusu Machi 2023, katika toleo la 16.4 la iOS, mfumo endeshi wake, tena kwa tovuti ambazo mtumiaji ameziongeza kwenye skrini ya mwanzo. Kwa miaka mingi kila kivinjari cha iPhone, hata kikiwa na jina la kampuni nyingine, kililazimika kutumia WebKit, injini ya Apple, yaani sehemu ya kivinjari inayosoma msimbo wa ukurasa na kuuonyesha, kwa hiyo hapakuwa na mshindani ndani ya simu hiyo wa kuisukuma iende haraka. Februari 2024 Apple ilitangaza kuziondoa programu za wavuti kwenye skrini ya mwanzo katika nchi za Umoja wa Ulaya, ambako sheria mpya iliitaka iruhusu injini nyingine, ikisema kwamba kufanya hivyo kungehatarisha usalama. Malalamiko yakawa makubwa, na Machi Mosi ikabadilisha uamuzi.

Hoja ya usalama ina uzito wake, kwa kuwa duka hukagua programu kabla ya kuzitoa, ilhali tovuti ya kitapeli huweza kuwekwa hewani kwa dakika chache. Lakini mkaguzi huyo ndiye pia anayetoza hadi asilimia 30 ya mauzo ya kidijitali yanayopita dukani kwake, na tovuti haimlipi kitu. Mtu mwenye maslahi kiasi hicho hafai kuachiwa peke yake uamuzi wa nini ni salama.

Niseme pia kwamba watengenezaji wa tovuti wamejiharibia wenyewe. Kurasa za habari fupi hubeba megabaiti za JavaScript, yaani msimbo unaoendesha shughuli ndani ya ukurasa, hufunikwa na matangazo, kisha humsihi msomaji apakue programu kabla hajamaliza aya ya kwanza. Mwenye simu ya bei nafuu na bando dogo ndiye anayeumia zaidi, na huyo ndiye wavuti ilipaswa kumhudumia vizuri kuliko programu yoyote.

Mchezo wenye picha nzito au chombo cha kuhariri video nitaendelea kuutafuta dukani, kwani vinahitaji nguvu yote ya simu. Huduma ambayo mtu huihitaji mara moja au mbili kwa mwaka, kama kuangalia matokeo ya mtihani, kuomba cheti au kuweka miadi hospitalini, ianze kwenye wavuti, na programu ije baadaye kwa anayeitaka. Taasisi ya umma inayoitoa huduma kama hiyo kwa programu pekee imewaachia wenye maduka mawili, Apple na Google, waamue nani ataifikia na kwa masharti gani.